Mifereji Kwenye Shaba

Sisi Wakongomani tunaijua shaba kwa tani. Tunaijua ikiwa imepangwa juu ya malori yanayotoka Kolwezi na Likasi kwenda mpaka wa Kasumbalesa, na ni nadra kufikiri kwamba kipande chake chenye ukubwa wa kitabu kiliweza kumwinamisha fundi mmoja kwa wiki nyingi, akikichimba kwa ncha ya chuma. Kazi hiyo ndiyo nataka kuisifu: kazi ya wachonga chapa wa Ulaya wa karne ya 16 na ya 17, mafundi wa Antwerp, Köln, Frankfurt na Roma. Haituhusu kwa mbali tu. Baadhi ya sahani walizozichonga zilibeba Kongo, Kilwa na Mombasa, na kwa muda mrefu huko Ulaya walituona kwa kupitia mifereji hiyo.

Sahani ilianza kwa kupondwa nyundo ili shaba ishikamane, kisha ikasuguliwa kwa jiwe na kwa mkaa mpaka mtu aweze kujiona uso ndani yake. Kikwaruzo chochote kilichosahaulika hapo kingetokea baadaye kwenye kila karatasi. Chombo cha kuchongea kilikuwa kijiti cha chuma kigumu chenye pembe nne, ncha yake imekatwa mshazari, na mpini mfupi wa mbao unaokaa ndani ya kiganja. Fundi hakukishika kama kalamu. Alikisukuma mbele kwa kiganja, vidole vikiongoza tu, na ncha ikang'oa uzi mwembamba wa shaba na kuacha mfereji.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi walivyochonga mstari uliopinda. Chini ya sahani kulikuwa na mto wa ngozi uliojazwa mchanga. Mkono wenye chombo ulibaki karibu pale pale. Mkono wa pili ndio uliozungusha sahani juu ya mto. Kwa hiyo duara ya bega, wimbi la nywele, mkunjo wa joho, vyote vilitokea kwa shaba kulijia chuma. Mikono miwili ilipaswa kufikiri pamoja, na makosa hayakuwa na kifutio cha bei rahisi: ulikwangua, ukasugua, halafu ukageuza sahani na kuigonga kwa nyuma ili lile bonde ulilolifanya liinuke tena. Ndipo ukaanza upya.

Wala hakuna rangi ya kijivu katika kazi hii. Kuna wino mweusi na kuna karatasi, basi. Kivuli cha shavu kinapatikana kwa mistari inayoanza myembamba, inayonenepa kadiri chuma kinavyozama, kisha inakonda tena na kutoweka. Juu yake hupita mistari mingine ya mshazari, na katikati ya vijumba vinavyobaki fundi mwenye subira huweka nukta moja moja. Bingwa wa mstari huo alikuwa Hendrick Goltzius wa Haarlem. Akiwa mtoto aliungua moto, na mkono wake wa kulia haukupata kukunjuka vizuri tena. Mkono huohuo ndio aliochongea. Wapo wanaosema ulemavu ule ulimlazimisha kusukuma kwa nguvu ya mkono mzima na bega, si ya vidole, na ndiyo maana mistari yake ina pumzi ndefu. Mimi nikiitazama, naelekea kuamini.

Juu ya hayo yote, kila kitu kilichongwa kinyume. Yeyote aliyewahi kusimama hapa Bukavu akimngojea fundi wa mihuri, au kashe kama wengi wetu tunavyosema, ameona herufi zikichongwa kuanzia upande usio wake. Sasa mweke fundi huyo mbele ya ramani yenye majina mia ya miji na mito, yote ya kigeni kwake, yote yasomeke sawasawa baada ya kugeuka. Hapo ndipo utaelewa kwa nini karakana kubwa zilikuwa na watu waliochonga maandishi tu.

Uchapaji wenyewe ulikuwa kazi ya wengine. Sahani ilipashwa moto kidogo, wino wa masizi na mafuta ya kitani ukasukumwa ndani ya mifereji, kisha juu pakafutwa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja kitupu, mpaka wino ubaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi iliyoloweshwa ililazwa juu, ikafunikwa kwa blanketi za sufu, vyote vikapitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo. Nguvu ya magogo iliisukuma karatasi laini ndani ya mfereji ikachote wino. Ukipapasa chapa nzuri ya zamani, mstari umeinuka kidogo, na pembezoni pana alama ya ukingo wa sahani. Antwerp, kwenye nyumba ya wachapaji Plantin na Moretus ambayo sasa ni jumba la makumbusho, bado zimehifadhiwa sahani na vibao vya wakati huo kwa maelfu.

Shaba huchoka, lakini si upesi. Sahani iliyochongwa vizuri ilitoa nakala nyingi kabla mistari haijafifia, na hata hapo ilichongwa upya na kuendelea na kazi. Iliuzwa, ikarithiwa, ikavuka mipaka. Frans Hogenberg, mzaliwa wa Mechelen aliyehamia Köln, alichonga picha za miji kwa ajili ya kitabu kikubwa alichokitoa pamoja na Georg Braun kuanzia 1572. Kwenye karatasi moja aliiweka Aden pamoja na Mombasa, Kilwa na Sofala. Mombasa hiyo haina Fort Jesus, maana Wareno walianza kuijenga 1593. Lakini sahani za kitabu hicho ziliendelea kuchapwa hata baada ya Hogenberg kufa, na katikati ya karne ya 17 zikanunuliwa na mchapaji wa Amsterdam, Johannes Janssonius. Ngome ilikwisha kusimama, ikakwisha kupiganiwa. Shaba ilikuwa bado inasema habari za 1572.

Hapo kazi hii nzuri inaonyesha upande wake wa hatari. Mwaka 1591 Filippo Pigafetta alitoa Roma kitabu kuhusu ufalme wa Kongo, kwa masimulizi ya Mreno Duarte Lopes, aliyefika huku 1578 na baadaye kutumwa na mfalme wa Kongo kwa Papa. Ramani zake zilichongwa na Natale Bonifacio, mtu wa Šibenik. Ndani kabisa ya bara kuna maziwa mawili makubwa, moja kaskazini mwa jingine. Nikiwa hapa Bukavu, ambapo kila ukigeuza kona unakutana na maji, siwezi kuitazama ramani hiyo bila kutabasamu. Mzungu wa kwanza tunayemjua kulifikia Ziwa Kivu ni Götzen, mwaka 1894. Lopes alikuwa amesikia kwamba kuna maji makubwa, na kwa ujumla hakudanganywa. Ila shaba haina namna ya kusema "nimesikia". Mfereji wa pwani ambayo mabaharia waliipima na mfereji wa ziwa la kusimuliwa ina kina kimoja na weusi mmoja.

Frankfurt walikwenda mbali zaidi. Ukoo wa de Bry ulitokana na Theodor, mfua dhahabu mzaliwa wa Liège, mji ambao Wakongomani wengi leo wana ndugu huko. Wanawe, Johann Theodor na Johann Israel, walikitoa kitabu cha Pigafetta kwa Kijerumani mwaka 1597 na kwa Kilatini 1598, wakiwa na picha zao wenyewe. Kongo hawakuikanyaga. Moja ya picha hizo inaonyesha bucha la nyama ya watu katika nchi ya Waanziku. Imechongwa kwa ustadi mkubwa, nayo iliishi kuliko walioichonga: mwaka 1863 Thomas Huxley alikuwa bado anaiweka ndani ya kitabu chake kuhusu asili ya binadamu.

Watu wa kwetu wakionyeshwa picha hiyo hukasirika, na wana haki. Mimi nadhani hasira iende pamoja na jicho la fundi. Tazama miili: mapaja, vifua, jinsi mtu anavyoegemea mguu mmoja. Ni sanamu za Kirumi zile. Mwanafunzi wa kuchonga alijifunza mwili wa binadamu kwa kunakili chapa za Italia miaka na miaka, na mkono uliofunzwa hivyo ulimchora kila mtu vile vile, awe Mkongo au mtu wa Virginia. Mahali ambapo fundi hakuwa na habari, mazoea ya mkono yalijaza nafasi. Ukijua kazi inavyofanyika, unaweza kuonyesha kwa kidole ni wapi habari ilikwisha.

Wanunuzi nao walikuwa watu wa ajabu. Hernando Colón, mwana wa Christopher Columbus, alipofariki 1539 alikuwa amekusanya zaidi ya chapa 3,000, na orodha yake ilizipanga kwa ukubwa wa karatasi, kisha kwa idadi ya watu waliomo, tena kama wamevaa nguo au wako uchi. Chapa zenyewe zilipotea. Orodha ipo Sevilla, na kwa maelezo yake wataalamu wameweza kutambua nyingi kwa kulinganisha na nakala zilizobaki kwingine. Mwaka 1667 padri Michel de Marolles alimuuzia mfalme wa Ufaransa chapa zipatazo 123,000. Karatasi zilizobandikwa ukutani mwa vilabu na majiko ziliisha kwa moshi na panya. Zilizosalia, kwa sehemu kubwa, ni zile zilizofungwa ndani ya majalada na watu wa namna hii.

Kwetu hapa njia iliyo karibu ni simu. Rijksmuseum ya Amsterdam imeziweka chapa zake nyingi kwenye intaneti bila malipo, kwa ubora mkubwa. Tafuta Goltzius, ukuze picha mpaka uso upotee na mistari peke yake ibaki. Usianzie kwenye macho, kila mchongaji aliyahangaikia macho. Anzia kwenye shavu, ufuate mstari mmoja hadi pale chuma kilipoinuliwa.