Gertrude ana mkuki, Nekesa ana mavuno

Jumamosi moja mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu parokiani kumwandikisha mwanawe kwa ubatizo. Mtoto ana miezi mitatu na anaitwa Nekesa, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mavuno. Katekista, mzee wa rika langu, aliisoma fomu, akaipindua kuona kama kuna maandishi upande wa pili, kisha akauliza kwa upole: "Na jina la Kikristo ni lipi, mama?" Binti yangu akajibu kuwa ni hilo hilo. Mzee akatabasamu. "Hilo ni la nyumbani. Hapa tunaandika la Kikristo. Mwiteni Gertrude, au Matilda. Ni majina mazuri, ya watu wa Mungu."

Mimi nilinyamaza. Nimefundisha isimu chuo kikuu kwa zaidi ya miaka 30 na bado sijajua namna ya kubishana na mtu aliyeshika kalamu na rejista. Tuliambiwa twende tukafikirie, turudi Jumamosi inayofuata. Basi nimefikiri, na msomaji wangu atanivumilia nikifikiri kwa sauti.

Hebu tuanze na Gertrude. Jina hili limeundwa kwa maneno mawili ya kale ya lugha za Kigermaniki, yaani ukoo wa lugha unaojumuisha Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Neno la kwanza, "ger", ni mkuki. La pili, "trud", ni nguvu. Matilda je? "Maht" ni nguvu, "hild" ni vita. Kumbe katekista wetu alikuwa akitupa hiari ya kuchagua kati ya mkuki na vita, kwa mtoto ambaye hajaota hata jino moja! Na jina alilolikataa lilikuwa linasema tu kwamba ghala lilikuwa limejaa.

Majina ya aina hii hayatoki katika Biblia. Mtindo wake ni wa Waanglia, Wasaksoni, Wafranki na jamaa zao wa kaskazini mwa Ulaya, na ulikuwepo kabla hawajausikia Ukristo. Watu hao walikuwa na akiba ya maneno waliyoyaenzi: mkuki, vita, jeshi, mbwamwitu, sifa, mali, ulinzi, utawala, amani. Mtoto akizaliwa, walichota mawili wakayaunga. Robert ni sifa na mng'ao. Roger ni sifa na mkuki. Richard ni utawala na ushupavu. Edith ni utajiri na vita. Walter ni utawala na jeshi, na Harold ni maneno yayo hayo mawili yakiwa yamegeuzwa, jeshi kwanza, utawala baadaye. Alfred ni shauri la viumbe ambao sisi tungewaita majini. Na Oswald? "Os" ni mungu, lakini si Mungu wa Ibrahimu. Ni mmoja wa miungu yao ya jadi. Hata ziwa letu la kaskazini lilibebeshwa mzigo huu. Tangu Teleki alipofika huko mwaka 1888 hadi 1975 liliitwa Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Rudolf ni sifa na mbwamwitu. Waturkana hawakuulizwa.

Hapa lazima niwakosoe wenzetu wanaochapisha vijitabu vya "maana ya jina lako", vile vinavyouzwa mitaani na milangoni pa makanisa. Humo utasoma kwamba Frederick ni "mtawala wa amani" na Robert ni "mtu mwenye sifa zinazong'aa", kana kwamba kila jina ni sentensi iliyotungwa kwa makusudi na wazazi wenye busara. Sivyo. Malkia mmoja wa Wafranki, aliyefariki mwaka 597, aliitwa Fredegund. Sehemu ya kwanza ni amani. Ya pili ni vita. Atafasiriwaje huyo? Amani ya vita? Vita vya amani? Askofu Wulfstan wa Worcester, aliyefariki mwaka 1095, jina lake ni mbwamwitu na jiwe. Lakini babake aliitwa Æthelstan na mamake Wulfgifu. Wazazi walichukua kipande cha mama na kipande cha baba, basi. Ukitaka maana ya Wulfstan, jibu la kweli ni kwamba huyu ni wa wale wawili. Wako wazazi wengi hapa Kenya ambao hufanya hivyo hivyo leo, wakaunga nusu ya jina la baba na nusu ya jina la mama, na watu huwacheka.

Jambo ambalo vijitabu hivyo havilisemi, na ambalo kwangu ndilo tamu zaidi, ni kwamba vipande vya majina haya havijafa. Bado vinatembea barabarani. William ana "wil", yaani nia, ndilo "will" la Kiingereza cha leo, na "helm", kofia ya chuma, ambayo kila mwendesha bodaboda anaijua kwa jina la helmeti. Mng'ao wa Robert, Albert na Herbert ni neno "bright". Richard anabeba "rich" na "hard" bila kujificha. Naye Charles ni neno zima lisilounganishwa na kitu: "karl", mwanamume. Neno hilo lilikuwa na bahati ya ajabu. Wapolandi na majirani zao walilichukua kutoka kwa Karl Mkuu, mtawala wa Wafranki, likawa neno lao la mfalme. Huko Uingereza neno lilo hilo lilishuka ngazi hadi likawa "churl", mtu asiye na adabu. Mfalme na mshenzi ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini mfano ninaowapa wanafunzi wangu kila mwaka ni Edward. "Ead" ni mali au baraka. "Weard" ni mlinzi. Huyu mlinzi amezaa ukoo mkubwa. Kiingereza kilimweka bwana mwenye nyumba kuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate, na baada ya karne kadhaa za kumezwa silabi likabaki "lord". Mkewe alikuwa "hlæfdige", mkanda mkate, ndiye "lady". Mtumishi aliitwa mla mkate. Kwa hiyo Mwingereza anapopiga magoti na kumwita Mungu "Lord", analitumia neno la jikoni, tena la enzi za upagani. Hakuna askofu aliyewahi kumwambia atafute neno la Kikristo.

Neno "weard" lenyewe likabaki "ward". Wafranki nao, walipoitawala nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliingia na lao linalofanana nalo. Kifaransa hakikuipenda "w" ya mwanzo, kikaigeuza "gu" au "g": William akawa Guillaume, Walter akawa Gautier, na mlinzi akawa "garde". Baadaye Kiingereza kikaliazima hilo la Kifaransa kuwa "guard", huku "ward" lake la asili likiwa bado nyumbani. Kisha yote mawili yakavuka bahari yakaja kwetu. Tuna wadi za uchaguzi, tuna wodi za hospitali, tuna gadi. Mwakilishi wadi anayeitwa Edward, akilazwa wodini na kuwekewa gadi mlangoni, amezungukwa na mzizi mmoja mara nne.

Sasa majina haya yalipataje cheo cha Ukristo? Mwaka 1066 Wanormani waliivamia Uingereza. Walizungumza Kifaransa, lakini majina yao mengi, William, Robert, Richard, Henry, yalikuwa ya Kigermaniki. Katika vizazi vichache tu Waingereza wakayatupa majina ya babu zao, akina Æthelred na Leofwine, wakawaita watoto wao majina ya mabwana wapya. Nadhani hadithi hiyo tunaijua kwa karibu. Edward aliponea kwa sababu ya mfalme mtakatifu wa jina hilo, ambaye Henry wa Tatu alimpenda hata akamwita mwanawe kwa jina lake mwaka 1239. Mengine, kama vile Alfred, Edwin, Harold na Mildred, yalipungua sana au yakalala kabisa, hadi Waingereza wa karne ya 19 walipoingiwa na shauku ya mambo yao ya kale wakayafufua.

Na karne hiyo ya 19 ndiyo wamishonari walipokuja kwetu. Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844. Majina yake yalikuwa Johann Ludwig, na Ludwig ni sifa na vita. Kwa hiyo orodha tuliyopokea kama majina ya Kikristo, ukitoa yale ya Biblia na ya Kirumi, ilikuwa kwa sehemu kubwa fasheni ya Ulaya ya wakati huo. Tungevamiwa karne tatu mapema, tungepewa orodha nyingine.

Sisemi kila jina la kigeni lina asili hiyo. Daniel, John na Mary ni ya Kiebrania na yamo katika Maandiko. Mambo haya yana vituko vyake: Ngũgĩ wa Thiong'o alipolitupa jina James alitupa jina la Biblia, maana James ni Yakobo aliyezungushwa na Kilatini na Kifaransa hadi asitambulike. Akina Gilbert na Gerald walikaa kimya, hakuna aliyewauliza.

Katekista ana hoja moja nzito, na sitaki kumdhulumu. Atasema: Gertrude ni jina la Kikristo kwa sababu alikuwepo Gertrude mtakatifu. Ni kweli, tena zaidi ya mmoja. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili. Maana yake ni kwamba jina halikuzaliwa la Kikristo. Lilibatizwa na maisha ya aliyelibeba. Mfalme Æthelberht wa Kent aliwapokea wamishonari kutoka Roma mwaka 597, akabatizwa, akaendelea kuitwa Æthelberht, na Kanisa likamhesabu mtakatifu kwa jina hilo. Edwin wa Northumbria alibatizwa mwaka 627, akabaki Edwin. Oswald na mungu wake wa kipagani jinani ni mtakatifu pia.

Ni kweli kwamba wapo waliobadilishwa. Mmishonari mkuu wa Wajerumani alizaliwa Uingereza akiitwa Wynfrith, furaha na amani, jina pole kuliko mengi niliyoyataja. Papa akampa la Kilatini mwaka 719: Bonifatius, Boniface. Hapa kwetu tunao akina Boniface tele, na akina Winfred tele, ambao wengi ni wasichana. (Winifred wa kike anatoka kwa mtakatifu wa Wales, Gwenfrewi, ambaye Waingereza walilivuta jina lake hadi likafanana na la Wynfrith.) Kwa hiyo jina ambalo mtumishi wa Mungu alilivua ili awe na la Kikristo zaidi, sisi tunalivaa kama la Kikristo.

Kanisa lenyewe limetembea kuliko makarani wake. Sheria ya mwaka 1917 ilitaka mtoto apewe jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, padri aongeze la mtakatifu. Ile ya 1983 inasema tu kwamba jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, na mmoja wao ni kijana Kizito. Hilo ni jina la Kiganda. Leo Kizito amejaa katika rejista za ubatizo za Kenya na hakuna katekista anayepindua fomu akimtafuta. Mwaka 2000 akafuata Josephine Bakhita. Bakhita ni Kiarabu, mwenye bahati, na bahati yetu ni neno lilo hilo. Alipewa jina hilo na waliomteka utumwani. Hata hilo limeingia katika kalenda.

Mimi nilibatizwa chini ya sheria ya zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mama alitaka nipewe la babake. Padri akaandika Gilbert. Sehemu ya kwanza ya Gilbert ni "gisl": rehani, mtu anayetolewa kwa adui ili mapatano yatimizwe. Marehemu kukhu alishindwa kulitamka, akaniita Kilibati hadi siku aliyotuacha. Aliliita kwa upendo, jioni kwa jioni, kutoka mlangoni pa jiko, nami nikaitika. Sikuwahi kumwambia maana yake, kwa sababu nilikuja kuijua nikiwa masomoni ng'ambo, naye alikuwa amekwisha kwenda.

Jumamosi tulirudi. Nilimweleza katekista habari za mkuki na za Kizito, kwa kifupi, kwa maana nyuma yetu kulikuwa na foleni. Alisikiliza hadi mwisho. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma sana." Akashika kalamu, akaandika Nekesa kwa wino, herufi kubwa nzuri. Kisha akafikiri kidogo, akafungua droo, akatoa penseli, na pembeni akaongeza Gertrude.