Mikono Mitatu katika Picha za Speke

Mwanafunzi aandikaye habari za Usui, yaani Rusubi ya Biharamulo, hushawishika kuzitwaa picha za kitabu cha John Hanning Speke, kilichopigwa chapa na Blackwood mwaka 1863, kama shahidi wa macho. Yafaa kwanza ajue zilivyofanyika. James Grant alichora safarini. Huko London J. B. Zwecker, mchoraji wa wanyama asiyeijua nchi hii, akachora upya nyingi kati yake. Kisha fundi akazichonga katika mti mgumu.

Ufundi huo ulistawishwa na Thomas Bewick wa Newcastle. Huchongwa kichwa cha gogo, si ubavu wake, kwa chuma chenye ncha kali. Palipochimbwa hutoka peupe, palipobaki hupokea wino. Na kwa kuwa kipande hulingana kimo na herufi za chuma, picha na maneno hupigwa chapa pamoja. Ni kazi ya kustaajabisha, nami siidharau.

Lakini chuma kile hakina rangi. Wekundu wa udongo na weusi wa ngozi hugeuka mistari, na mistari ina mazoea yake: miili hulainishwa ikakaribia sanamu za Kiyunani. Michoro ya Grant mwenyewe, iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ni mikavu zaidi. Kwa sababu hiyo naiamini zaidi.

Tena, mtawala Suwarora wa Usui alitoza hongo mwaka 1861 bila kukubali kuonana na wageni. Atafutaye uso wake kitabuni hataupata, maana hata Grant hakuuona.