Mgongo wa Mama Mkubwa

Ukitaka kumjua fundi wa mbeleko usimtazame akiwa nyumbani. Msubiri Kariakoo saa kumi na moja jioni, daladala ya Mbagala inaingia kituoni na watu wameshaanza kuikimbilia kabla haijasimama, wengine wanapitia dirishani. Asiyejua hupanda na mtoto mgongoni hivyo hivyo. Mlango ni mwembamba, nyuma kuna vifua na mikoba, na mtoto ndiye anayepokea kila kiwiko. Fundi hufanya jambo dogo kabla ya kukanyaga ngazi. Hushika fundo la kifuani kwa mkono wa kushoto, hushusha pumzi, husukuma kitambaa kwa kiwiko cha kulia, na mtoto huzunguka kutoka mgongoni mpaka ubavuni bila fundo kufunguliwa. Kichwa kinaingia chini ya kwapa, miguu inabana kiuno, na mkono mmoja umebaki huru kushika bomba. Konda, ambaye kwa kawaida ana maneno kwa kila abiria, hubaki na moja tu: "Mpisheni mama mtoto."

Ufundi huu hausomewi VETA wala hauna cheti. Seremala wa Keko hupanga vitanda na makabati yake kando ya barabara, apitaye akaona, asiyenunua akasifia. Kazi ya mbeleko ikikamilika hakuna cha kuonyesha: mtoto amelala, mwanamke anatembea, basi. Labda ndiyo maana haisifiwi. Kinachoonekana ni kazi mbovu, mtoto anayening'inia na kulia barabara nzima, na hapo kila mtu ghafla ni mwalimu.

Mimi ni mkazi wa Mwananyamala. Mwalimu wangu, Mama Mkubwa, anakaa Mbagala, na kwa hiyo Kilwa Road naijua kwa urefu wake wote, maana binti yangu wa miaka miwili hakubali kupitwa na wiki bila kwenda kwa bibi yake. Amerithi jina la mama yangu, kwa hiyo Mama Mkubwa humwita "mdogo wangu" na kumdai madeni ya utotoni: eti walipokuwa wadogo alimlia kashata zake zote na hadi leo hajalipa. Mtoto hujibu, "Kesho."

Nimemtazama Mama Mkubwa akifunga mbeleko tangu nilipokuwa mimi ndiye ninayefungwa, na bado naona mapya. Huanza kwa kuinama mpaka mgongo uwe bapa. Mtoto hulazwa kifudifudi juu yake, naye huachia mikono yote miwili kwa kitambo, jambo linalowatisha wageni. Mgongo uliolala vizuri hauna pa kumdondoshea mtu. Khanga hurushwa juu ya mtoto, ukingo wa juu ufike shingoni, wa chini upite chini ya makalio na kupindwa kwa ndani ili pawe na pa kukalia. Hapa ndipo wengi huharibu: hukaza juu wakaacha chini kumelegea, na baada ya hatua chache mtoto ameteremka mpaka kiunoni. Mama Mkubwa hukaza chini kwanza. Anataka magoti yawe juu kuliko makalio, mapaja yamekumbatia mwili. Madaktari wa mifupa wanaoshughulika na nyonga za watoto wachanga husifu mkao huo huo, magoti juu na mapaja yamepanuka, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja hutulia vizuri katika tundu lake. Yeye hana habari na tundu. Husema mtoto akae kama mkwezi juu ya mnazi.

Ncha mbili za khanga husokotwa juu ya kifua, pindo likakunjwa na kuchomekwa. Kisha anaruka kidogo. Mruko huo si mbwembwe, ni kipimo. Kitambaa kikiteleza hata kwa upana wa kidole atafungua na kuanza upya, hata kama gari limeshapiga honi.

Kitambaa chenyewe kina masharti. Khanga mpya haifai, ina gundi ya dukani, ngumu, huteleza na kumwachia mtoto rangi shavuni. Inatakiwa iliyofuliwa mpaka ikasahau duka. Mama Mkubwa anayo moja ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, na mji wake umepauka kiasi kwamba maua yamebaki ya kukisia. Hiyo ndiyo ya safari. Kwa kuwa khanga huuzwa kwa doti, kipande cha pili nacho kina kazi: kivuli cha jua, koti la mvua, pazia la kunyonyeshea, na mkeka foleni ikiwa ndefu. Kitu kimoja hunichekesha kila mara. Khanga hubeba jina, na ikifungwa kwa ufundi jina hilo huangukia makalioni pa mtoto. Nimepishana na mengi Magomeni na Temeke yakienda hivyo, "Nani kama mama" likiwa limekaliwa na mtu ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa anampiga huyo mama teke.

Ndani ya daladala mbeleko hupumzika na kazi nyingine huanza, ya kupakata. Mama akikosa kiti, mtoto hakosi. "Lete nikupakatie, dada," anasema mtu ambaye hujawahi kumwona, na mtoto anapita juu ya vichwa mpaka mapajani pake. Akishuka huyo, humkabidhi jirani yake bila hata kukuuliza. Kabla ya Mtoni kwa Azizi Ali binti yangu huwa ameshahama mapaja, amepewa karanga, amefunikwa uso jua linapochoma upande wa dirisha, na mzee mwenye kofia amemuuliza jina la baba yake. Masharti hayajaandikwa popote lakini yanajulikana. Akilia anarudishwa. Akikojoa hakuna kulaumiana. Mpakataji hampi chakula kabla hajamtazama mama usoni, na mama hatoi macho. Wapo pia wanaoweka mkoba kitini na kugeukia dirishani wanapoona mtoto. Hao nawajua kwa migongo yao.

Redio ya dereva huwa imewashwa. Siku hizi ni singeli, muziki uliokulia Manzese, Tandale na Mburahati, wa mapigo yanayopita 200 kwa dakika, na mtoto akiusikia huanza kutikisa mabega akiwa hapo hapo kwenye mapaja ya mgeni. Simkatazi. Ni muziki wa mtaani kwetu, na una akili yake. Lakini mimi nimelelewa na redio ya Baba Mkubwa, na kwa Baba Mkubwa kulikuwa na bendi moja tu, nyingine zilikuwa majirani.

Mlimani Park Orchestra, Sikinde, ilianzishwa 1978 na ikachukua jina la baa ilikokuwa ikipiga. Walikuwamo Muhidin Gurumo na sauti yake nzito, Hassan Bitchuka na yake ya juu, Cosmas Chidumule, na Michael Enoch aliyewanoa wapigaji. Nyimbo zao zilirekodiwa Radio Tanzania, Pugu Road, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na ndiyo maana hata leo ukizisikiliza unasikia watu wakisubiriana. Wimbo huanza taratibu, unasimulia: mapenzi, ndugu, fedha, aibu. Magitaa yanapishana, moja likiuliza na jingine likijibu. Tarumbeta zinaingia, na baadaye sana, hadithi ikishakwisha, ndipo mwendo unapochemka na watu kuinuka vitini.

Mama Mkubwa hana nyimbo za kubembelezea. Ana Sikinde. Mjukuu akigoma kulala humbeleka, akatoka uani na kuanza "Neema", au "Mtoto Akililia Wembe", ambao ukiufikiria si wimbo wa kumwimbia mtu unayetaka afumbe macho. Ilinichukua muda kugundua anachoimba. Hafuati maneno, wala hafuati gitaa la solo ambalo sisi wengine tukilewa huliigiza kwa midomo. Miguu yake inafuata gitaa la rhythm, lile linalokaa nyuma likirudia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kifua kinaguna besi. Mtoto amebandika sikio mgongoni, kwa hiyo hausikii wimbo kutoka nje, unamfikia kupitia mbavu. Solo hupewa sifa, rhythm hupewa kazi, na anayebeleka yuko upande wa kazi. Akipamba kidogo tu, akakatisha hatua ili achombeze, kichwa kidogo kinainuka nyuma na usingizi umeharibika.

Jioni moja jirani alikuwa na shughuli, spika zimeelekezwa ukutani kwetu, singeli inafukuza kuku. Mama Mkubwa alizunguka uani kwa mwendo wake ule ule wa Sikinde, hatua haikuongezeka. Mabati yanatetemeka, mtoto anakoroma. Mwili wake ulikuwa umeshachagua bendi.

Haya yamepimwa na watu wenye mashine. Mwaka 2013 watafiti wa RIKEN huko Japani walionyesha kwamba mtoto mchanga akibebwa na mama anayetembea hutulia na mapigo ya moyo wake hushuka upesi, na kwamba kumpakata umekaa hakufanyi kazi hiyo. Mwaka 2022 wakaja na kipimo: tembea naye dakika tano bila kusimamasimama, kisha akishalala kaa naye dakika tano hadi nane kabla ya kumlaza, la sivyo ataamka. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana Mama Mkubwa sheria yake ni kwamba mtoto hashushwi wimbo ukiwa haujaisha, na nyimbo nyingi za Sikinde hufika dakika saba au nane. Nilimweleza. Aliuliza kama hao Wajapani wana bibi.

Ulaya na Marekani nako waliamka, kwa njia ndefu. Ann Moore, muuguzi Mmarekani, alikwenda Togo miaka ya 1960 kwa kazi ya kujitolea, akaona akina mama na watoto wao mgongoni, na alipopata mtoto wake akaona shali peke yake haimkai. Yakashonwa mabegi ya mikanda, yakaitwa Snugli, na hataza ikatolewa 1969. Leo vizazi vya begi hilo vinauzwa Kariakoo, vina vifungo vya plastiki na picha ya mzungu anayecheka. Sina ugomvi navyo. Ninacho kimoja, zawadi ya wifi yangu, na kwa safari ya mguu ni kizuri. Lakini kimeshonwa kwa mwili mmoja na kazi moja, hakigeuki ubavuni kwenye mlango wa daladala, na mvua ikinyesha hakina kipande cha pili.

Mume wangu humbeba mtoto mabegani, na mtaa mzima humsifu: baba mwenye mapenzi, angalia anavyojali. Anamzungusha mpaka dukani na kurudi, anasifiwa kwenda na kuja. Mbeleko anajua kuifunga, tena vizuri, ila huifungia ndani ya uzio. Nimemwambia siku akitoka nayo mpaka kituoni nitamlipia nauli ya mwaka. Bado anafikiria.

Watu wa Pwani, hata hivyo, walishalikumbuka deni la mbeleko zamani, wakaliweka mahali ambapo mwanamume hawezi kulikwepa. Posa ikishajibiwa, kando ya mahari kuna vijidai vyenye majina: kilemba, mkaja, ubeleko. Kilemba ni cha upande wa wanaume wa bibi harusi. Mkaja, ile nguo aliyofungwa mama tumboni baada ya kujifungua, hulipwa kwa uchungu wa kuzaa. Ubeleko hulipwa kwa mgongo. Miaka ishirini na kitu imepita, mtoto amekuwa bibi harusi, na mkwe anakumbushwa kwamba huyu anayemtaka hakutembea mwenyewe kufika alipo. Fedha yenyewe huwa ndogo na baadhi ya vijana huiona usumbufu, washenga wakaipunguza juu ya mkeka kwa utani. Mimi naona afadhali wapunguze kwingine kote.

Kwangu mimi ubeleko uligawanywa, maana mama alikuwa na genge lake soko la Temeke Stereo na aliyenibeba mchana kutwa alikuwa dada yake. Hajasahau. Juzi mume wangu, kwa adabu zote za mkwe, alimuuliza: "Mama, siku ya huyu bibi mdogo, ubeleko utapokea wewe au mwenzangu?"

"Mkeo si ndiye aliyezaa?" alisema Mama Mkubwa huku akimkaza mtoto mgongoni. "Apewe mkaja. Ubeleko ni wangu, baba, andikeni kabisa. Na khanga waje nazo zilizokwisha kufuliwa. Za gundi sipokei."