Mwanga Huwekwa Mwisho

Katika rangi zote zinazochanganywa na maji, naipenda gwashi kuliko nyingine. Viungo vyake ni vilevile vya rangi ya maji ya kawaida: unga wa rangi uliosagwa laini, maji, na gundi ya mgunga, mti wa nchi kavu unaochanjwa gome ukatoa matone ya utomvu, kuanzia Kordofan nchini Sudan hadi kaskazini mwa Kenya. Ila kwenye gwashi unga wa rangi ni mwingi zaidi, na wakati mwingine huongezwa chaki, hivyo rangi hufunika kilicho chini yake. Anayechora kwa rangi ya maji huutegemea weupe wa karatasi. Lazima ajue tangu mwanzo mwanga utakaa wapi, na apakwepe hapo mpaka mwisho. Mchoraji wa gwashi anaanza na giza, kisha analeta mwanga juu yake. Kwa mandhari, hilo ni jambo kubwa. Ukiutazama mlima alasiri, unaona kwanza umbo lake zima, zito, ndipo jua likuonyeshe bonde hili na mgongo ule. Gwashi inakwenda na mwendo huohuo wa jicho.

Joseph Mallord William Turner, mchoraji wa Uingereza, alilijua hilo vizuri. Alisafiri kandokando ya mito ya Loire na Seine nchini Ufaransa akichora kwa penseli katika madaftari madogo, kisha akavichora vituo vya safari ile kwa gwashi na rangi ya maji kwenye vipande vya karatasi ya bluu, takribani sentimita 14 kwa 19. Michoro iliyochongwa kutokana nayo ilitoka vitabuni kati ya 1833 na 1835. Kwa nini bluu? Kwa sababu karatasi ya namna hiyo tayari ina giza la wastani. Tone la nyeupe likiwekwa juu yake linakuwa wingu linalong'aa, mstari wa kahawia unakuwa kivuli cha ukuta, na pale asipopagusa kabisa panabaki hewa au maji. Ngome, majabali, mashua, jioni nzima ya mto, vyote vimeenea mahali ambapo viganja viwili vinatosha kufunika. Sijawahi kuona sababu ya kutamani picha zile zingekuwa kubwa zaidi.

Anayeanza hahitaji vitu vingi. Nyeupe, na anunue tyubu kubwa kwa kuwa ndiyo huisha kwanza, bluu ya ultramarini, njano, nyekundu, rangi ya udongo wa manjano, na kahawia nzito. Nyeusi aiache dukani: ultramarini ikichanganywa na kahawia hutoa giza lenye uhai zaidi. Brashi bapa moja na ya mviringo yenye ncha moja, sahani nyeupe ya kuchanganyia, vikombe viwili vya maji, na karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, isije ikajikunja. Asiyepata gwashi aanze na rangi za posta za vichupa zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Hizo ni ndugu wa karibu, na asizidharau: Kazuo Oga, Mjapani aliyesimamia sanaa ya mandhari katika filamu ya katuni ya Tonari no Totoro ya 1988, alichora mashamba ya mpunga, miti na mawingu yale ya kiangazi kwa rangi za posta.

Sasa chukua milima ya Uluguru, ikitazamwa kutoka Morogoro mjini kuelekea kusini, saa kumi na moja jioni, jua likiwa kulia. Kata karatasi ya ukubwa wa kadi ya posta, ibandike ubaoni kwa tepu ya karatasi, uipake yote kahawia nyekundu nyembamba, uiache ikauke. Rangi hiyo ya udongo itachungulia hapa na pale kati ya majani na kuipa picha joto. Halafu finya macho. Miembe, mapaa ya mabati, nguzo za umeme, vyote vinapotea. Yanabaki maumbo matatu au manne: anga, mgongo wa mbali, mteremko wa karibu, na giza la miti chini. Hayo ndiyo ya kuchora, kwa rangi nzito kama mtindi, kila umbo kwa rangi yake moja. Mgongo wa mbali upewe bluu na nyeupe zaidi, maana hewa iliyo katikati huufifisha; mteremko wa karibu upewe kijani chenye kahawia ndani yake.

Kinachomtesa kila anayeanza ni kukauka. Rangi za mwanga hukauka zikaingia giza kidogo, na za giza hukauka zikapauka. Anga uliyoipatia ikiwa mbichi inakuwa nyingine baada ya dakika chache. Weka pembeni kipande cha karatasi ileile, gusa kwa brashi, subiri, ndipo uamue. Tabu hii naipenda, kwa maana inamtoa mchoraji katika kuiga rangi moja moja na kumtia katika kulinganisha: je, anga ina mwanga kuliko mteremko, na kwa kiasi gani? Uwiano huo ukishika, mlima unasimama hata kama kijani chako hakifanani na cha Uluguru.

Tena gwashi ikikauka haifi. Maji yakiigusa, inaamka. Ndiyo sababu tabaka la pili hupakwa kwa brashi yenye maji machache, mkono upite mara moja na kuinuka. Ukisugua, kilicho chini kinapanda na kuwa tope. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo inayokupa wingu la Uluguru. Pitisha brashi yenye unyevu kwenye kilele kilichokwisha kukauka, na ukingo uliokuwa mkali unalainika, mlima unaingia ndani ya wingu. (Soma tyubu kabla ya kununua: ile yenye akriliki haiamki tena.)

Mwanga ndio wa mwisho. Nyeupe tupu hupoza picha, kwa hiyo itie njano kidogo, na uiweke pale tu jua linapogonga: mabega ya kulia ya migongo, bati moja, ukanda wa majani mbele. Miguso mitano au sita inatosha. Ninapoliona bati lile likiwaka juu ya giza la miembe, kwa mpako mmoja wa brashi, naelewa upya kwa nini nimeichagua rangi hii.

Na kwa kuwa karatasi ni ndogo, muda unabaki. Bandika ya pili kabla jua halijashuka zaidi, na ya tatu likigusa upeo, ukitumia rangi zilezile na mahali palepale. Zikikauka zipange pamoja mezani, uone ni umbo gani lililobadilika kiwango chake cha giza na lipi lilibaki vilevile, kisha uandike saa nyuma ya kila moja.