Opera Wonyosi: Kuazima Tamthilia si Kubadilisha Majina

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, lipo kosa lililozoeleka mno katika tamasha zetu za drama. Shule hupata tamthilia ya Kizungu, mhusika mkuu akabandikwa jina la Wafula, mkewe akaitwa Nekesa, kasri la mfalme likageuzwa boma chini ya Mlima Elgon, kisha tukaambiwa kwamba kazi hiyo sasa ni ya Kiafrika. Je, ni ya Kiafrika kweli? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuihakiki Opera Wonyosi ya Wole Soyinka. Tamthilia hii iliandikwa kwa Kiingereza na haimo miongoni mwa vitabu teule vya Kiswahili. Hata hivyo, inatufunza namna ya kupima kazi yoyote iliyoazimwa, iwe ya jukwaani au ya kitabuni.

Asili ya kisa

Kisa hiki kimesafiri. Mnamo 1728 John Gay aliionyesha The Beggar's Opera jijini London, akiwakejeli wanasiasa wa zama zake pamoja na mtindo wa opera za Kiitalia uliopendwa na mabwanyenye. Miaka 200 baadaye, Agosti 1928, Bertolt Brecht na mtunzi wa muziki Kurt Weill waliifufua jijini Berlin kwa jina Die Dreigroschenoper, wakitegemea tafsiri ya Elisabeth Hauptmann. Desemba 1977 Soyinka aliileta Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1981.

Kiunzi cha ploti ni kilekile. Anikura ni bwana anayewamiliki ombaomba: huwapa vilema vya kuigiza, huwafunza kulia, kisha huchukua fungu lake. Binti yake, Polly, anaolewa kwa siri na Macheath, jambazi sugu. Anikura anataka mkwe huyo auawe, lakini mkuu wa polisi ni rafiki wa jambazi. Macheath anasalitiwa, anakamatwa, na dakika ya mwisho anaachiliwa. Swali letu basi ni moja: ikiwa ploti haikubadilika, Soyinka alibadilisha nini?

Mandhari

Soyinka hakukiweka kisa London wala Lagos. Alikipeleka Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, miongoni mwa Wanigeria wanaoishi uhamishoni. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hadhira ya Ife iliona watu wa kwao wakila rushwa na kuibiana ugenini, ikajua inasemwa yenyewe. Nigeria ya miaka hiyo ilikuwa imelewa fedha za mafuta, na wanyang'anyi walikuwa wakipigwa risasi hadharani katika ufuo wa Bar Beach, Lagos, umati ukitazama. Mbinu hii si ngeni kwako. Timothy Arege alipobuni mji wa Cheneo katika Mstahiki Meya, na Pauline Kea akabuni Sagamoyo katika Kigogo, walisafiri mbali ili waseme ya karibu.

Anwani

Wonyosi ilikuwa aina ya lesi ghali iliyopapiwa na matajiri wapya wa Nigeria. Tazama kinaya kilichomo. Nguo yenye matundu ikivaliwa na tajiri huitwa lesi; ikivaliwa na ombaomba huitwa mararu. Kwa neno moja la sokoni, mwandishi amewaweka ombaomba na bwanyenye katika nguo moja. Anwani ya Brecht ilidokeza opera ya bei rahisi, ya wanyonge. Ya Soyinka inataja kitu ambacho kila mtazamaji wake alikijua, huenda hata alikuwa amekivaa usiku ule.

Msimulizi na nyimbo

Brecht alimtumia mwimbaji wa barabarani kufungua onyesho, na nyimbo zake hukatiza kitendo ili mtazamaji asizame katika huzuni bali akae na kufikiri. Soyinka anamtumia Dee-Jay, mcheza santuri anayezungumza na hadhira moja kwa moja. Ni mtambaji wetu wa ngano aliyeshika maikrofoni. Kumbuka kwamba Ebrahim Hussein, aliyesomea Ujerumani Mashariki na kuuelewa vyema ukumbi wa Brecht, naye aliutegemea utambaji katika Jogoo Kijijini (1976). Waandishi hawa wawili walitambua kwamba lile lililoonekana jipya Ulaya lilikuwa kikao cha kila jioni kwetu.

Mwisho

Hapa ndipo penye ufundi mkubwa zaidi. Kwa Gay, jambazi anaokolewa kwa sababu watazamaji wanapenda mwisho mwema. Kwa Brecht, mjumbe wa malkia anafika na msamaha kwa heshima ya kutawazwa kwake, na sote tunacheka kwa kuwa jambo kama hilo halitokei. Kwa Soyinka, msamaha unatoka kwa Boky, naye ni Jean-Bédel Bokassa, aliyejitawaza kuwa mfalme mkuu mjini Bangui tarehe 4 Desemba 1977 kwa sherehe iliyokadiriwa kugharimu dola milioni 20. Igizo lilionyeshwa mwezi uo huo. Kilichokuwa mzaha wa jukwaani Ulaya kimekuwa habari ya gazetini Afrika. Soyinka hakuhitaji kutia chumvi; alihitaji kunakili tu.

Udhaifu

Wahakiki wa mrengo wa Kimaksi nchini Nigeria walilalamika kwamba tamthilia hii inaonyesha uozo bila kuonyesha chimbuko lake la kitabaka. Katika dibaji, Soyinka alijibu kwamba kazi ya msanii ni kufichua. Nakubaliana na wahakiki hao kwa kiasi. Boky amechorwa kuwa kikaragosi kikubwa hivi kwamba tunamcheka kama mwendawazimu mmoja, tukasahau kwamba Ufaransa ilikuwa ikimfadhili. Kicheko hakikumtikisa. Aprili 1979 watoto wa shule wapatao 100 waliuawa Bangui kufuatia maandamano ya kupinga kulazimishwa kununua sare, na aling'olewa Septemba mwaka huo kwa mkono wa wanajeshi wa Ufaransa. Lakini lipo onyesho linalomtetea mwandishi: Anikura anapomshtaki Kanali Moses akidai kuwa jeshi lenyewe ni chama cha siri. Hapo tashtiti inauacha wazimu wa mtu mmoja na kuugusa mfumo.

Kutoka Bangui hadi Malakisi

Sasa tuirejeshe hoja nyumbani. Mwaka huo wa 1977 Opera Wonyosi ilipokuwa ikichezwa Ife, huku kwetu Bungoma watu walikuwa wakizungumzia kahawa ya Chepkube. Baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili mwaka wa 1975, bei ikapanda duniani, nao wakulima wa Uganda ya Idi Amin wakawa wanalipwa kidogo kwa shilingi iliyokwisha thamani. Magunia yakavuka mpaka usiku. Soko dogo la mpakani likawa mgodi. Upande wa Uganda matajiri wa magendo waliitwa mafuta mingi.

Mwalimu, hiyo ndiyo opera yako. Ukitaka kumleta Macheath Malakisi, usimwite Wafula ukaishia hapo. Jiulize gunia lake lina nini, nani hulifumbia macho likivuka, na mkulima aliyeipalilia kahawa hiyo alipata nini. Weka litungu mahali pa santuri, msimulizi akaimbe akiwatazama wazee usoni. Waganda wamelijaribu jambo la namna hii: Mother Courage ya Brecht ilifasiriwa kwa Kiganda ikawa Maama Nalukalala N'ezzadde Lye, ikachezwa Kampala, marehemu Profesa Rose Mbowa akiwa mhusika mkuu, mbele ya watu waliovijua vita kwa macho yao.

Hitimisho

Soyinka, ambaye katika miaka hiyohiyo ya 1970 alikuwa akipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya bara zima, anatuachia kipimo rahisi. Tamthilia iliyoazimwa huwa yetu pale ambapo mtazamaji anakoma kumcheka mgeni na kuanza kujitazama nguo zake. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba mandhari na majina yamebadilika hajahakiki, ameorodhesha. Onyesha badiliko hilo linamshtaki nani, nawe utakuwa umejibu swali.

Maswali ya kudurusu

1. Linganisha jinsi Macheath anavyookolewa kwa Gay, kwa Brecht na kwa Soyinka. Kila mwisho unamkejeli nani?
2. "Kicheko ni silaha butu dhidi ya dhuluma." Jadili kwa kurejelea Opera Wonyosi na tamthilia moja ya Kiswahili uliyoisoma.
3. Pendekeza kisa kimoja cha eneo lako kinachoweza kubeba ploti hii. Eleza ni nani angekuwa Anikura, na kwa nini.