Pampu Mpya, Maji Yaleyale

Pampu ya maji ya Toyota Probox iliyotembea kilomita laki tatu haifi ghafla. Hutoa dalili. Chini ya shingo yake kuna kitundu kilichowekwa makusudi kiwandani: sili ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Yakikauka huacha ukoko wa rangi ya kulanti, au wa kutu ikiwa mwenye gari amezoea kujaza maji ya bomba.

Kwenye injini ya 1NZ-FE ya gari hili, kazi yenyewe si ngumu. Taiming ni ya cheni, na pampu imekaa nje, ikizungushwa na fenibelti ileile ya altaneta. Fundi mzoefu hulegeza bolti tatu za puli kabla ya kugusa belti, kwa kuwa belti iliyokaza ndiyo inayoizuia puli isizunguke. Anayeitoa belti kwanza hubaki akipambana na puli kwa bisibisi.

Penye kuhitaji mkono wa taratibu ni pale gasketi ya zamani inapokwanguliwa. Bloku ni ya alumini. Bisibisi ikichimba mfereji hapo, pampu mpya itavuja hata ikifungwa vipi. Mafundi wengine hufidia kwa silikoni nene, na ziada yake humeguka ndani na kwenda kuziba njia nyembamba za rejeta. Bolti nazo ni ndogo, za spana namba 10. Hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, maana nyuzi za alumini zikifa, pampu ya bei ndogo huzaa kazi ya bei kubwa.

Lakini mara nyingi kilichoua pampu bado kimo ndani. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na ndiyo inayolainisha sili. Maji ya kisima chenye chumvi hayana dawa hiyo, tena huacha magamba yanayosaga nyuso za sili. Kubadilisha pampu bila kusafisha mfumo mpaka maji yatoke meupe ni kulinunulia gari pampu nyingine mapema.

Kisha kuna ile tabia ya kung'oa thamostati “ili injini isichemke”. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi na kuchakaa. Kinachostahili kukaguliwa ni mfuniko wa rejeta, unaoshikilia presha: Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 tu.

Mwisho hutolewa hewa. Hita huwekwa kwenye joto la juu, kulanti hujazwa polepole, paipu ya juu ya rejeta hubinywabinywa, na injini huachwa iungurume mpaka feni iwake. Ikishapoa kabisa, kulanti huwa imeshuka. Huongezwa mpaka shingoni mwa rejeta, ndipo mwenye gari anapokabidhiwa ufunguo.