Neno "Mtandao" Limebebeshwa Mzigo Mzito

Istilahi hupimwa kwa kazi yake, si kwa utamu wake masikioni. Katika makala haya twakusudia kulipima neno mtandao kwa kazi moja ndogo: kuunganisha kompyuta mpakato mbili pasi waya, bila ya kuwapo ruta.

Tuchukue mfano wa walimu wawili wa Kifanya, mkoani Njombe, wanaotaka kupeana mitihani ya mazoezi iliyomo katika kompyuta zao. Kazi hiyo haihitaji intaneti. Kanuni za kimataifa za mawasiliano haya, zilizotolewa mwaka 1997 kwa namba 802.11, ziliruhusu tangu mwanzo kompyuta zizungumze zenyewe kwa zenyewe kwa mawimbi ya redio: moja hutangaza jina, ya pili hulitambua na kujiunga. Lakini mwongozo ukiwaamuru "unganisheni mtandao", walimu hawa watakwenda kununua bando. Wala hawatakuwa wamekosea. Kwa Mtanzania wa leo mtandao ni intaneti. Asemaye "mtandao hakuna" aulalamikia mnara wa simu. Na katika vitabu vya kompyuta mtandao ni mashine zozote zilizounganishwa. Neno ni moja, maana tatu, na inayotakiwa hapa ndiyo iliyo ngeni kwa wengi.

Kasoro ya pili ni ya wafasiri. Wataalamu wa nje waliuita muungano huu kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa shughuli hii". Mfasiri aliyezoea kamati za ofisini ataandika "mtandao wa muda". Tafsiri hiyo yaushika Ulatini na kuuacha ukweli, kwani jambo la msingi si muda, bali kutokuwapo kwa kifaa cha kati. Hata "bila ruta" haitoshi. Ruta hupitisha habari baina ya mtandao na mtandao. Kinachokosekana hapa hasa ni kituo cha kupokea na kugawa mawimbi. Vifaa hivyo viwili mara nyingi huuzwa katika kasha moja, ndipo majina yakachanganyika.

Kiswahili hakikosi njia. Aliyeunda kompyuta mpakato alitumia kitenzi cha nyumbani: mashine yapakatwa kama mtoto, na msikilizaji aelewa bila maelezo. Vivyo hivyo, twapendekeza "muungano wa ana kwa ana", yaani mazungumzo yasiyo na mshenga. Na pale kompyuta moja inapofanywa kituo cha nyingine, mwongozo useme "kompyuta kituo", maana hapo mshenga amekwisha kuingia.

Twajua kuwa neno lililozoeleka halirudishwi kwa amri; "ngamizi" lilipendekezwa, na umma wa Tanzania ukashika "kompyuta". Kwa hiyo hatuombi mtandao lifutwe. Tunachoomba ni kwamba libaki kwa vitu vilivyotanda, kama asili yake isemavyo, ili mwalimu asitozwe fedha kwa sababu ya uvivu wa mfasiri.